Zikri ya Farasi wa Mjomba

Mjomba wangu hakuwa mtu wa wanyama. Paka akipita uani kwake alirushiwa kandambili, na kuku wa jirani waliujua mpaka wao. Kwa hiyo siku alipotuma mtu ofisini kuniambia kwamba amenunua farasi, nilijua papo hapo kwamba mnyama huyo hakununuliwa kwa kupendwa. Alinunuliwa atazamwe, na mwenye kumfuga atazamwe zaidi.

Mimi nilikuwa bwana mifugo. Ndivyo walivyoniita, bwana, ingawa nilivaa gauni na kujitanda khanga, na wazee waliopenda utani waliniuliza nimeoa lini. Kazi yangu ilikuwa ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kuku wa watu wa pembezoni mwa Tanga. Farasi nilimsoma chuoni kwa haraka haraka, maana mhadhiri mwenyewe alisema hatutamwona. Pwani yetu haina farasi, na sababu zipo: joto, mbung'o, na maradhi yanayomuua mnyama huyo kabla hujamaliza kumsifu.

Lakini ilikuwa ndiyo kwanza miaka ya ruksa, na mtu akikuambia jambo haliwezekani ulimwona amepitwa na wakati. Kabla ya hapo tulikuwa tumepanga foleni za sabuni, tukafua kwa majani ya mpapai, tukanywa chai bila sukari na kujidanganya kwamba ni nzuri kwa meno. Mjomba miaka hiyo alikuwa akipitisha khanga na mafuta ya kupikia kwa njia alizozijua yeye na Mola wake. Tulimwita mlanguzi. Ruksa ilipokuja, tuliamka asubuhi tukaambiwa tumwite mfanyabiashara. Akafungua duka la mitumba Ngamiani, akanunua lori, akanunua shamba Pongwe, akaweka sebuleni televisheni na deki ya video. Jirani walijazana jioni kutazama mikanda ya Kihindi, na humo ndimo alimomwona bwana arusi amepanda farasi, maua yamemfunika uso, watu wanamchezea mbele.

Akatangaza kwamba arusi ya binti yake itakuwa hivyo, bwana arusi aje kwa farasi, na kwamba hiyo ni desturi ya babu zetu iliyopotea. Babu yetu nilimjua. Alipanda punda, na punda mwenyewe alikuwa wa kuazima.

Binti huyo, binamu yangu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, msemaji wa maneno machache ambayo yakitoka hayarudi. Mchumba wake alikuwa karani bandarini, akikaa Chumbageni kwa shangazi yake aliyemlea. Walikuwa wamependana wenyewe kabla ya wazee kuambiwa, na hilo ndilo shangazi mtu hakulisamehe. Yeye alikwisha kumwekea kijana wake mtoto wa shoga yake. Posa aliileta kwetu shingo upande, na tangu siku hiyo alikuwa akitafuta dalili: mtu akijikwaa kizingitini, chai ikimwagika, bundi akilia mtaa wa tatu, kwake yote yalihusu arusi hii.

Binamu yangu aliliona hilo mapema. Alinijia siku moja tukakaa jikoni kwangu tukichambua mchele, akaniambia, "Dada, mimi sitaki makubwa. Waje, isomwe ndoa, wale, waondoke na mimi. Baba akileta kioja chake, yule mama atakipata anachokitafuta, na mimi sitampata tena huyu."

Sijawahi kumsikia akiomba kitu kingine. Alikuwa amefika umri ambao wanawake wa Ngamiani huanza kumwita mtu "masikini" akiwa hajapatwa na lolote, na kijana yule alikuwa chaguo lake mwenyewe. Nilimwahidi kwamba nitakwenda Pongwe kumtazama farasi, na kama kuna sababu ya kumzuia nitaiona.

Sababu niliiona kabla sijashuka kwenye baiskeli. Farasi alikuwa dume changa, mwekundu, mfupi kwa umri wake, mbavu zinahesabika ingawa majani yalikuwa tele. Mjomba alimnunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga shamba lake milimani, na nina hakika mzungu yule alikwenda zake akicheka. Pamoja na farasi alikuja mtunzaji, Msambaa mtu mzima aliyekuwa Mlutheri, ambaye aliniambia bila kuzunguka, "Huyu hana nguvu. Ukimtembeza mbio kidogo tu anasimama, anahema, anakutazama kama wewe ndiwe mwenye makosa."

Nikaweka kiganja kifuani mwake, upande wa kulia, nyuma ya kiwiko. Mkono wangu ukatetemeshwa. Ulikuwa mtetemo mwembamba usiokatika, kama wa paka anayekoroma mapajani mwa mtu. Nikatoa stetoskopu, nikaweka mipira masikioni, nikasikiliza. Moyo wa farasi mzima hugonga polepole na kwa adabu. Huyu alikuwa na uvumi mrefu uliofunika mgongo wa kila pigo, huuu, kisha huuu, kama upepo unaopita chini ya mlango.

Sauti ile nilikuwa nimewahi kuisikia kwa ndama mmoja aliyekufa kabla hajaachishwa ziwa. Tulipompasua tulikuta tundu katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo. Ukuta ule haukumaliza kujengeka tumboni mwa mama yake. Damu inayotakiwa kwenda mwilini inaponyoka pale, inarudi ilikotoka, na moyo unapiga kazi ya bure usiku na mchana. Ndama au farasi wa namna hiyo akiachwa alale na kula, ataishi alivyojaliwa. Akipandwa na mtu mzima juani, ni kumtafutia kifo.

Nilimweleza mjomba yote hayo kwa utaratibu, pale pale zizini. Alinisikiliza akiwa ameshika tasbihi, pambo lake jipya tangu apate lori.

"Mbona anakula?" akauliza.

"Mjomba, hata wewe ukiumwa unakula."

"Moyo una tundu. Tundu la nini? Nani kalitoboa?"

"Kazaliwa nalo. Hakuna aliyelitoboa."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyesomeshwa mpaka akaharibika. Ndipo nikaona njia ni moja tu, asikie mwenyewe. Nikamvalisha mipira masikioni, nikaiweka ncha ya chombo pale penye mtetemo, nikangoja sayansi ifanye kazi yake.

Ikafanya. Mjomba alifumba macho. Midomo ikaanza kumcheza. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na mimi mjinga nikadhani anamhurumia mnyama.

"Subhanallah," akasema. "Anamtaja."

"Anamtaja nani?"

"Hu. Si unasikia mwenyewe? Hu. Hu. Mwanangu, farasi huyu anapiga zikri."

Asiyekulia kwetu nimwambie kwamba katika zikri watu husimama safu, wakayumba pamoja na kuvuta pumzi kwa pamoja, wakimtaja Mwenyezi Mungu kwa hiyo "Hu" inayotoka kifuani. Baba yangu aliipenda, na mimi nilipokuwa mdogo nililala nikiisikia na sikupata usingizi mtamu kama ule tena. Mjomba naye alikuwa akihudhuria. Alikuwa akifika wakati wa kahawa.

Habari ilifika Ngamiani kabla yangu, na mimi nilikuwa na baiskeli. Kufikia Ijumaa watu walikuwa wanakwenda Pongwe kwa miguu kuweka viganja vyao kifuani mwa farasi. Walikuja wenye watoto wenye degedege, wanafunzi wanaokaribia mtihani, Wapemba wa sokoni waliosema kwao mambo haya si mageni. Walikuja hata wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, Wakatoliki na Walutheri, wakasema wao hawaamini, wakagusa. Farasi masikini alisimama katikati yao na moyo wake uliotoboka, ukizidi kwenda mbio kwa hofu, na kila ulivyokwenda mbio ndivyo uvumi ulivyozidi, na watu wakalia zaidi.

Sheikh wa msikiti wetu, mtu wa elimu na asiye na makeke, aliulizwa. Alijibu kwamba kila kiumbe humtukuza Muumba wake na sisi hatuielewi namna yake, basi hao wanaoielewa kwa kiganja wamepata wapi ufunuo? Mjomba alilipokea jibu hilo akalikata katikati. Alikwenda akieneza kwamba sheikh amekubali, kila kiumbe humtukuza Muumba wake. Nusu ya pili ilibaki msikitini.

Nilimfuata dukani, nikamkuta amekaa juu ya robota la mitumba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Bwana Mifugo. Umekuja kugusa?"

"Nimekuja kukwambia. Leo unawaambia watu mnyama huyu anasema na Mungu. Siku ya arusi akilala njiani utawaambia nini?"

"Hatalala. Atalalaje na jina la Mola kifuani?"

"Mjomba, bwana arusi ni mtu mnene."

"Wewe ulipelekwa shule ukarudi na tundu," akasema, na vijana waliokuwa wakichagua mashati wakacheka. Mjomba alikuwa hodari wa kuchekesha watu waliotaka kupunguziwa bei.

Shangazi mtu naye alikwenda Pongwe. Alikwenda kwa nia ya kuona aibu yetu, akaweka kiganja, akatetemeshwa mkono mpaka kwenye bega, akarudi Chumbageni. Kesho yake alituma sahani ya vitumbua kwa mjomba. Kwa mara ya kwanza alisema "mkwe wangu" akimaanisha binamu yangu, na si kama mtu anayetema mbegu.

"Umeona?" mjomba akaniambia. "Yule mama nimemmaliza."

Binamu yangu naye, akili yake yote ile, alianza kulegea. Hakuamini zikri. Aliamini vitumbua. Aliniuliza kama farasi hawezi kwenda hatua chache tu, polepole, mtu akiwa juu, ili watu wafurahi na liishe. Nilimwambia labda anaweza, akiletwa mjini kwa lori, apumzishwe kivulini, apandwe mtaa mmoja wa mwisho na kushikwa hatamu. Akayapeleka maneno hayo kwa baba yake, akarudi amefurahi. Baba amekubali.

Mjomba alikuwa mtu wa kukubali. Siku ya arusi lori lilionekana lina kazi ya kubeba viti vya kukodi na masufuria, na farasi akatembezwa kwa miguu kutoka Pongwe, njia yote ile, juani, na yule Msambaa mbele yake akilaani kwa Kishambaa. Kila walipopita watu walitaka kugusa. Walipofika Chumbageni mchana, mishipa ya shingo ya farasi ilikuwa inaruka kwa macho ya kila mtu, na mate yamemkaukia midomoni. Mwenye kumjua mnyama angeona. Waliokuwepo walisema amejaa nuru.

Nilikuwa nimetumwa na mama zangu kuongozana na msafara, nikamwambia mjomba mbele ya watu kwamba farasi asipandwe. Alinivuta kando, akiwa bado anawatabasamia wageni.

"Usinivunjie arusi ya mwanangu," akasema.

Basi wakampandisha bwana arusi. Joho, kilemba, jambia la kuazima, na uso wa mtu aliyepandishwa kwenye mnazi asiojua kuushuka. Tarumbeta zikaanza. Farasi akashtuka, akaenda hatua za pembeni, watu wakashangilia kwamba anacheza. Tukaondoka hivyo, tarumbeta mbele, wanawake na vigelegele nyuma, mimi nikitembea usawa wa mbavu zake nikiziona zinavyopanda na kushuka.

Tuliingia Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, watu wamejaa vibarazani. Nyumba ya arusi ilikuwa inaonekana, na maturubai yake, na moshi wa pilau. Farasi akapunguza mwendo. Akatanua miguu ya mbele kama ng'ombe anayetaka kunywa kwenye dimbwi. Halafu akapiga magoti, akalala ubavu taratibu, bila fujo, mbele ya duka la mafuta ya taa, na bwana arusi akateleza naye hadi chini, joho likaingia kwenye maji machafu ya mfereji.

Hakuumia. Alisimama mwenyewe. Tarumbeta zilinyamaza moja moja, na ya mwisho ilipokwisha nilisikia farasi anavyohema.

Shangazi mtu alitoka katikati ya wanawake. Alimzunguka farasi, akainama, akaweka kiganja kifuani, akakiacha pale. Mtetemo ulikuwepo, na ulikuwa mkali kuliko siku zote.

"Bado anamtaja," akasema. "Anamtaja, na amekataa kwenda."

Hakuhitaji kusema zaidi. Mjomba alikuwa amewafundisha watu barabara. Kwa wiki nyingi aliwaambia kwamba mnyama huyu ana siri na Mola wake, sasa mnyama amepiga magoti hatua chache kutoka mlango wa bibi arusi, nani angehitaji tafsiri? Minong'ono ikaenda kibaraza hadi kibaraza. Imekataliwa. Ndoa imekataliwa.

Ndipo nikamwona mjomba wangu akipata elimu. "Mgonjwa!" akapiga kelele. "Mgonjwa huyu, jamani! Moyo wake una tundu, kazaliwa nalo, hauna dawa! Muulizeni Bwana Mifugo!" Akanishika mkono, yeye aliyeniweka kando mchana ule ule, akanisukuma mbele. "Waambie, mwanangu. Waambie lile la ukuta."

Nikawaambia. Niliwaambia la ukuta, la vyumba viwili, la damu inayorudi ilikotoka, la njia ya Pongwe na jua. Sijui kama nimewahi kueleza jambo vizuri kama siku ile. Shangazi mtu alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa.

"Wewe ni mtoto wa nyumba ile," akasema. "Ungesema nini kingine?"

Akamgeukia mjomba. "Na wewe, juzi ni zikri, leo ni maradhi. Tukuamini siku gani?"

Kwa hilo alikuwa na haki.

Nilikwenda ndani mbio. Binamu yangu alikuwa amekaa kitandani chumbani kwa mama yake, hina imemkolea hadi viwiko, kungwi wake anampepea. Tarumbeta alizisikia zikija na alizisikia zikinyamaza. Nilimweleza kwa ufupi.

"Yeye ameumia?"

"Hakuumia. Kachafuka tu."

"Anasemaje?"

"Hajasema kitu. Shangazi yake ndiye anayesema."

Akafikiri. Kungwi alitaka kuanza kulia, akamtuliza kwa mkono, kama anavyowatuliza watoto wa darasa la kwanza. "Nenda ukamwambie yeye, si shangazi yake. Mwambie sikuposwa na farasi. Kama miguu anayo, na aje."

Nikatoka nikayasema hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya wote, na kuna wanaume vibarazani waliotikisa vichwa kwa kuyasifu. Bwana arusi aliyasikia. Alinitazama, akaitazama nyumba, mlango uko wazi, mtoto wa kike anamngoja, mtu wa kuozesha amekaa kwenye mkeka na makaratasi yake. Kisha akamtazama shangazi yake. Aliokota kilemba, akakikung'uta, akakivaa vizuri, sijui kwa nini. Miguu alikuwa nayo. Aliitumia kurudi Chumbageni.

Nilimdharau mjomba maisha yangu yote na nilikuwa nimezoea, dharau ile haikuniumiza. Kumdharau kijana yule kuliniumiza, maana nilikuwa nimempenda kwa niaba ya binamu yangu. Mji baadaye ulifanya mzaha kwamba mwenye tundu moyoni hakuwa farasi. Mzaha rahisi, na mjomba ndiye aliyeurudia kuliko wote, kana kwamba yeye hakuwepo.

Farasi aliinuka jua lilipopoa, akarudishwa Pongwe kwa lori, ambalo ghafla lilikuwa halina kazi. Hakuna aliyemgusa tena. Aliishi mpaka masika, yule Msambaa akimkatia majani, akafa amelala.

Lakini siku ile ilinibidi nirudi chumbani. Njiani nilipanga maneno na yote yalikuwa mabaya. Niliposukuma mlango nilimkuta amesimama katikati ya chumba, na amevaa viatu. Alikuwa amesikia hatua uani akadhani ni za bwana arusi. Bibi arusi hasimami hivyo, hukaa akangoja kufuatwa, na kungwi alikuwa amejibanza pembeni bila kuthubutu kumwambia.

Alinisoma usoni, akakaa, akavua viatu, akavipanga chini ya kitanda kimoja karibu na kingine.

"Pilau imeiva?" akasema.

Nikasema imeiva.

"Basi wapeni watu chakula. Pilau haina kosa."

Tukapakua. Walikula wote, wa upande wetu na wale wa upande wa Chumbageni waliobaki nyuma kwa kusitasita, walikula kwenye sinia moja wakisikitika, wakasema nyama imeiva vizuri, na wengine wakaulizia ukoko.